KUBADILISHANA NI KAULI YA KUTENDANA

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitubandikia mada ukutani, nayo wengi waliikimbia kama vifaranga walioona mwewe: "Mipango ya kimataifa ya kubadilishana wataalamu na faida yake kwa uchumi wa wanawake na haki za watu wenye ulemavu." Jamani, mada ndefu kuliko foleni ya githeri! Mimi niliichukua kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa imebaki peke yake. Pili, kwetu Katelembo yuko mtu ambaye mada hii inamgusa mfupa, naye nitamtaja mahali pake panapofaa.

Hebu tuanze na sarufi, maana hili ni jarida la Kiswahili wala si la safari za ndege.

Litazameni neno lenyewe: badili, badilisha, badilishana. Kile kiambishi -an- kilichoingia mwishoni ndicho kinachotuletea kauli ya kutendana. Mnaukumbuka mfano wa darasani. Tukisema Ali na Juma wanapigana, maana yake kila mmoja anapiga na kila mmoja anapigwa. Iwapo Ali anapiga na Juma amejikunyata pembeni akilia, huko si kupigana. Juma anapigwa tu, na mwalimu wa zamu aitwe haraka. Vivyo hivyo watu wakibadilishana ujuzi, huyu hutoa na kupokea, na yule hutoa na kupokea. Ikiwa upande mmoja unafundisha tu na upande wa pili unaandika notisi tu, basi hayo yatafutiwe jina jingine: mafunzo, ziara, msaada. Yote ni mema, lakini si kubadilishana. Naomba mkishike hicho kiambishi -an- tunapoendelea, kwa sababu nitakitumia kama kipimo.

Mipango yenyewe ni ipi? Ni ile ambapo mtu mwenye kazi yake tayari (mwalimu, mfanyabiashara, wakili, kiongozi wa kikundi) hupelekwa nchi nyingine kwa muda mfupi kuona wenzake wanavyofanya kazi kama hiyo, kisha hurudi kwao. Hapo ndipo inapotofautiana na udhamini wa masomo. Wanafunzi wa zile ndege za Tom Mboya, ambao 81 wa kwanza waliondoka Nairobi mnamo Septemba 1959, walikwenda Marekani kusoma shahada, na wengine walikaa miaka mingi. Marehemu Profesa Wangari Maathai naye alikwenda mwaka wa 1960, akasomea jimbo la Kansas na baadaye Pittsburgh. Hao walikuwa wanafunzi. Mtaalamu wa kubadilishana huenda majuma matatu, sita, pengine miezi sita, na kazi yake inamngoja nyumbani.

Marekani ilianza mpango wake mkuu wa wageni wa aina hii mwaka wa 1940. Katika mpango huo mtu haombi; ubalozi ndio humteua. Mwaka wa 2010 ukaanzishwa mpango wa wanawake wajasiriamali wa Afrika, kwa kifupi AWEP, ili wanawake wenye biashara zao waone jinsi bidhaa zinavyouzwa katika soko la ng'ambo. Mwaka wa 2014 vijana 500 wa Afrika wakaenda katika kundi la kwanza la Mandela Washington Fellowship, wakakaa majuma sita katika vyuo vikuu. Huu ulikuwa wa watu wa miaka 25 hadi 35. Baadaye uliongezwa mlango wa Wamarekani nao kuja Afrika kufanya kazi na wale waliokutana nao. Hapo kile kiambishi chetu kilianza kuonekana.

Norwe wao walikwenda mbali zaidi. Shirika lao ambalo tangu 2018 linaitwa Norec, zamani likiitwa FK Norway, lilipangwa upya mwaka wa 2000 ili Mnorwe anapokwenda nchi nyingine, mtu wa nchi hiyo naye aende Norwe. Huko ndiko kutendana.

Lakini mpango ulionivutia kuliko yote ni wa India. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kuna Chuo cha Barefoot kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka wa 1972. Chuo hiki kiliwaita wanawake wa vijijini, wengi wao nyanya kabisa wasiojua kusoma, kutoka nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Walikaa miezi sita wakijifunza kutengeneza na kurekebisha taa za nguvu za jua. Utauliza: walifundishwa kwa lugha gani? Kwa rangi, kwa ishara, kwa kuonyeshana kwa mikono. Waya mwekundu hapa, waya mweusi pale. Mama wa Kiafrika na mwalimu wa Kihindi hawana hata neno moja wanalolielewa wote wawili, na taa inawaka! Sasa chuo cha namna hiyo kiko pia Kinyasini, Unguja, hivyo mama wa Kizanzibari hana haja ya kuvuka bahari. Mimi naona hapo ndipo penye akili. Chuo hakikuuliza cheti. Kiliuliza: ukirudi kijijini utabaki kijijini? Nyanya hubaki.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba ujuzi wa kusafiri ni jambo la wageni. Sisi wa Ukambani tunao mfano wetu, na kila mtalii aliyewahi kununua twiga wa mti amekutana nao bila kujua. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Huko aliwaona wachongaji, akajifunza kwao, na vita vilipokwisha akarudi nyumbani na kuanza kuchonga. Jamaa na majirani wakajifunza kwake. Kazi ikaenea Wamunyu nzima, ikafika Nairobi na Mombasa, na mwaka wa 1965 wachongaji wa Wamunyu wakaunda chama chao cha ushirika. Hakuna ubalozi uliomteua Mutisya. Vita ndivyo vilivyomchukua. Hata hivyo alirudi na kitu mkononi, tena akakigawa.

Ila tazameni jambo moja. Walioshika patasi walikuwa wanaume. Mwanamke wa Kikamba alibaki na kiondo chake.

Kiondo ni kazi, ndugu msomaji. Wengi wetu tunakibeba bila kukifikiria. Jani la mkonge hukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Nyuzi hizo huoshwa, hukaushwa juani, nyingine hutiwa rangi. Kisha husokotwa juu ya paja, na paja la msukaji wa miaka mingi lina ngozi ngumu kama kisigino. Ndipo kitako cha kiondo huanzishwa, na kazi huzunguka na kupanda, uzi kwa uzi. Kiondo cha wastani huweza kuchukua siku nne, hata juma zima, kwa sababu anayesuka pia anapika, anateka maji na anapalilia mahindi.

Naye dalali huja na pikipiki. Ninaowajua mimi wamewahi kupewa shilingi 700 kwa kiondo kimoja. Nilipokwenda Nairobi likizo ya Agosti niliona dirishani kiondo ambacho ningeapa kimetoka kwetu, kimetiwa mikanda ya ngozi na kitambaa ndani, kikiuzwa shilingi 3,200. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Kwa hiyo shida ya mama huyu ni nini? Si kusuka. Hakuna mgeni wa Amerika wala Ulaya atakayemfundisha kusuka. Anachokosa ni kile kilicho kati ya shilingi 700 na shilingi 3,200: kujua mnunuzi anataka kipimo gani, kujua namna ya kuweka bei ambayo ndani yake umehesabu pia siku zako, kutia ngozi, kuandika barua ya biashara, kupeleka vikapu hamsini vinavyofanana kwa wakati ulioahidiwa. Mambo haya ndiyo ambayo mpango kama AWEP ulikusudia kuyaonyesha. Ni ujuzi wa sokoni, na ujuzi wa sokoni hauoti paja.

Sasa nimefika kwa mtu niliyewaahidi. Ni shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Alipata polio akiwa na miaka mitatu, na anatembea kwa mikongojo miwili. Katika kijiji chetu hakuna anayemshinda kwa kiondo cha rangi tatu, na hilo silisemi kwa sababu ni damu yangu. Waulizeni madalali. Wao huanzia kwake.

Mwaka juzi ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitangaza mafunzo ya majuma mawili kwa wanawake wanaotaka kuuza kazi za mikono nje ya nchi, na watakaofanya vizuri wangepata nafasi ya kwenda ng'ambo. Tangazo lilisema kwa herufi kubwa kwamba wanawake wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Shangazi akavaa gauni la kanisani, tukapanda matatu mpaka mjini Machakos. Fomu zilikuwa orofa ya tatu. Lifti hakuna. Nikapanda mimi mbio nikawaeleza. Nikaambiwa ati ni lazima mwombaji atie sahihi mbele yao. Nikashuka. Shangazi alitazama ngazi, akanipa mikongojo, akaketi kwenye kidato cha kwanza na kuanza kupanda kwa makalio, kidato baada ya kidato, watu wakimpita na mabahasha yao. Tulipofika juu gauni lilikuwa limegeuka rangi na karani alikuwa amekwenda kula. Aliporudi alituambia fomu zimekwisha, kisha akaongeza kwa upole kabisa, "Mama, ungetuma mtu mapema."

Sikuandika hayo ili mtu aonewe huruma. Shangazi mwenyewe akisoma hapa atanifinya. Nimeyaandika kwa sababu yanaeleza kwa nini mada yetu imefunga mambo mawili kwa kamba moja: uchumi wa mwanamke na haki za mwenye ulemavu. Unaweza kuandaa mafunzo mazuri namna gani, lakini yakiwa orofa ya tatu bila lifti, umekwisha kumchagua nani ataendelea na nani atabaki. Ngazi imefanya usaili kabla ya karani. Na si watu wawili watatu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya, yaani watu wapatao laki tisa, wana ulemavu wa namna fulani, na wanawake ni wengi kuliko wanaume: asilimia 2.5 kwa 1.9.

Hapa naomba nipumzike kidogo nirudi kwenye lugha. Katika mkutano wa chama tulibishana kuhusu maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisema maneno haya yana umbo la KI-VI, ngeli ya vitu kama kiti na kijiko, basi wazee wetu waliwaona watu hawa kama vitu. Makofi yakapigwa. Kisha mvulana mmoja, mbishi kweli, akauliza: na kiongozi je? Na kijana? Na kinyozi? Kimya! Mwalimu akatusaidia. Upatanisho wa maneno haya yote ni wa A-WA, tunasema kipofu amefika, hatusemi kipofu kimefika. Lugha inajua vizuri kwamba huyu ni mtu. Hata hivyo, akasema, neno huchukua harufu ya mdomo uliolitumia, na maneno haya yametumiwa sana kwa kudharau. Ndiyo maana siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu asiyesikia. Mtu anatangulia, ulemavu unafuata. Tulijifunza pia kwamba maandishi ya wasioona huitwa nukta nundu, na kwamba kile tunachokiita kiti cha magurudumu ndugu zetu wa Tanzania hukiita kitimwendo. Neno tamu hilo, na fupi.

Tuendelee. Je, kuna mpango unaomlenga mwanamke mwenye ulemavu hasa? Upo. Shirika la Mobility International USA lilianzishwa mwaka wa 1981 katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, na miongoni mwa waanzilishi ni Susan Sygall, ambaye mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu. Tangu 1997 shirika hili limekuwa likiwaalika wanawake wenye ulemavu kutoka nchi mbalimbali katika mafunzo ya uongozi yanayojulikana kwa jina la WILD. Kuna asiyeona, asiyesikia, mwenye mikongojo, mwenye kitimwendo, wote katika kundi moja. Hukaa katika nyumba za wenyeji. Hujadili sheria, kazi, fedha, na jinsi ya kuongoza kikundi. Halafu hupelekwa mtoni kupiga makasia kwenye maji yanayokwenda kasi, na kupanda kamba zilizofungwa juu ya miti! Nilipomsomea shangazi hapo alicheka mpaka akaangusha kiondo, kisha akauliza, "Na kamba zenyewe ni za mkonge?"

Lakini anayekwenda Eugene huona pia kitu kisichokuwa katika ratiba. Huona basi la kawaida likisimama, likiteremsha kiinuzi, na mtu mwenye kitimwendo akipanda bila kubebwa na utingo. Huona ofisi ambazo mtu huingia kwa mteremko. Hapo ndipo mtu hupata swali la kurudi nalo nyumbani: kumbe inawezekana?

Wala Wamarekani hawakupewa mambo hayo kwa ukarimu wa serikali yao. Mwaka wa 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco na kukataa kutoka kwa zaidi ya majuma matatu, wakidai kanuni za sheria iliyopitishwa 1973 zitiwe sahihi. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Judith Heumann, aliyepata polio akiwa mtoto mdogo kama shangazi yangu. Kanuni zilitiwa sahihi, na mwaka wa 1990 ikaja sheria kubwa zaidi ya nchi nzima. Mama huyo alifariki mwaka wa 2023, baada ya kuwa mshauri wa serikali yake kuhusu haki hizi katika nchi za nje.

Kwetu sisi, mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi mwezi wa Julai 1985, na wanawake wenye ulemavu walikuwepo wakisema hoja zao. Miaka kumi baadaye, kule China mwaka wa 1995, kikao cha wanawake wenye ulemavu kilipangwa kwenye jengo lisilokuwa na lifti, na baadhi yao ikabidi wabebwe. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka orofa ya tatu ya Machakos. Kumbe ngazi hazina pasipoti.

Mfano ninaoupenda kuhusu kile kiambishi chetu unatoka kwa Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki. Mwaka wa 1980 alikwenda Nicaragua, nchi maskini. Akakuta vijana wanne wanaotumia kiti kimoja cha magurudumu kwa zamu, na walikuwa wamekirekebisha kwa njia ambazo yeye, mhandisi mzima, hakuwahi kuzifikiria. Badala ya kuwafundisha tu, aliketi nao. Wakatengeneza pamoja aina ya kiti cha njia mbovu, kinachoweza kutengenezwa kwa vyuma vinavyopatikana katika karakana ya mtaani. Ujuzi huo ukasambaa nchi nyingi. Uganda, wanawake wenye ulemavu walifungua karakana yao mjini Kampala na kuanza kutengeneza vitimwendo wenyewe, na Fatuma Acan, ambaye naye aliugua polio, ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo. Wanawake wanachomelea vyuma! Mwanamke ambaye jana alikuwa akiombewa kiti leo anakiuza. Hapo uchumi na haki vimekutana mahali pamoja, na hapakuwa na mtu aliyekuwa mwalimu tu au mwanafunzi tu.

Mtaniuliza, je, sheria zetu zinasema nini? Zinasema mengi. Tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kufika mahali pote, na lugha ya ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili chetu. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka wa 2025 ikatiwa sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo karatasi tunazo. Saruji ya mteremko ndiyo haijakorogwa.

Nami nina malalamiko yangu kuhusu hii mipango ya ng'ambo. Tangazo huja kwa Kiingereza, kwenye intaneti. Fomu hujazwa huko huko. Kuna umri. Kuna pasipoti. Basi anayekwenda huwa ni mtu ambaye tayari yuko karibu na mlango: amesoma, anaishi mjini, anajua kujieleza. Simwonei kijicho, na wengi wao wamerudi wakafanya kazi nzuri. Lakini msukaji wa Katelembo humfikii kwa njia hiyo. Tena fedha za watu ni za watu. Mwaka wa 2025 Marekani ilikata misaada mingi na shirika lao la USAID likafungwa. Mwenye kulala chini ya mwembe wa jirani hana haki ya kulalamika ukikatwa.

Ndiyo maana nataka kuwaeleza jambo lililofanyika kwetu mwaka jana, dogo lisilo na bendera. Kikundi cha shangazi kina akina mama kumi na wanane. Kikundi kingine cha wasukaji, huko Makueni, kiliwaalika watume watu wawili wakakae nao juma moja, kisha wao nao watume wawili kwetu. Nauli ilitoka kwenye kisanduku cha kikundi. Mtu wa kwanza alichaguliwa bila maneno. Kwa wa pili ugomvi ukazuka. Shangazi hawezi kubanwa kwenye matatu na mzigo, angehitaji gari la kukodi kutoka stendi, gharama karibu mara mbili. Mweka hazina alisema waziwazi kwamba fedha ni kidogo na pengine aende mtu mzima wa miguu. Sikumchukia, kitabu cha hesabu alikuwa nacho yeye. Mama mwingine akajibu, "Tunatuma miguu au tunatuma mikono?" Wakapiga kura. Kumi na moja kwa saba, shangazi akaenda.

Alirudi na kijiti. Nilidhani ni utani. Ni kijiti cha mwanzi kilichokatwa alama nne: kitako, kimo, mdomo, na mahali rangi inapobadilika. Kila msukaji kule ana kijiti kama hicho, vyote vimekatwa kwa kipimo kimoja, hivyo mnunuzi akitaka viondo ishirini vya aina moja hupata ishirini, hapati ishirini binamu. Kwa miaka yote akina mama wetu walikuwa wakipima kwa jicho. Sasa vijiti viko kumi na vinane. Mwezi wa tatu walikubali oda ya viondo thelathini moja kwa moja kutoka duka la Nairobi, bila dalali, kwa shilingi 1,500 kila kimoja. Wale wa Makueni walipokuja walikaa kwetu siku sita wakijifunza ile rangi tatu, na mmoja wao, ambaye hasikii, alikuwa wa kwanza kuipata kwa sababu hakuwa akisikiliza maelezo. Alikuwa akitazama vidole.

Kiambishi -an- kimekamilika hapo, na hakuna aliyepanda ndege.

Kwa wanachama wenzangu, mwalimu ameomba kila makala iwe na zoezi. Haya yangu ni matatu.

Nyambua vitenzi hivi katika kauli ya kutendana, kisha utunge sentensi kuhusu kazi ya mikono: funza, uza, pima, saidia. Angalieni sana "uza". Inakubali kirahisi?

Mutisya wa Munge alijifunza Tanganyika akafundisha Wamunyu. Je, huko kulikuwa kubadilishana au kujifunza tu? Toa hoja za pande zote mbili.

La mwisho ni la insha. Kutoka lango la shule yetu hadi mlango wa maktaba kuna vidato kumi na vinne. Nimevihesabu mara mbili. Andika barua rasmi kwa halmashauri ya shule ukieleza gharama ya mifuko ya saruji, mchanga na fundi kwa mteremko mmoja. Bei za saruji zipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Barua itakayokuwa na hesabu sahihi, mlezi wetu amekubali kuitia sahihi na kuipeleka.